Mtaliano wa Wajir: Muuguzi Aliyekataa Kunyamaza

Ukitaja neno Mtaliano kwa mtu wa Mambrui, kila mmoja ana lake la kukumbuka. Wazee watakutajia mitambo ya San Marco pale Ngomeni, iliyorusha satelaiti yake ya kwanza kutoka baharini kwetu Aprili mwaka 1967, watu wakasimama ufuoni wakitazama moto ukipaa angani. Vijana watakutajia majumba ya ufuoni, hoteli, kazi za bustani, za upishi na za ulinzi. Na yako mengine ambayo hatuyasemi mbele ya watoto.

Leo nataka niwasimulie habari za Mtaliano mwengine. Huyu hakujenga jumba wala hakuja kuota jua. Alifika Kenya mwaka 1969 akiwa msichana wa miaka 25, akaenda kuishi kaskazini kwenye vumbi na kiu, akauguza watu ambao hata jamaa zao walikuwa wakiwaogopa. Watu hao walipokuja kuuawa mchana peupe, yeye akawa miongoni mwa wachache waliothubutu kuhesabu maiti na kusema. Jina lake ni Annalena Tonelli. Wajir wanamjua, Borama wanamjua, na kwao Italia ni jina kubwa. La ajabu ni kwamba sisi wa Malindi na Mambrui, tulio karibu na Wataliano kuliko Wakenya wengine wote, wengi wetu hatujapata kulisikia.

Kilichonifanya nimkumbuke ni maradhi ya ami yangu. Ami ni mvuvi. Alikohoa miezi mitatu akisema ni baridi ya bahari ya usiku. Tukimuuliza, hasira. Tukimwambia twende hospitali, ana safari ya kwenda kuvua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ami alikaribia kuumbuliwa. Alipopimwa akakutwa na kifua kikuu, akapewa dawa za miezi sita. Baada ya miezi miwili kikohozi kikatulia, mwili ukarudi, naye akazitupa dawa na kurudi baharini. Haukupita mwaka tukambeba tena, safari hii hawezi hata kuketi.

Wodini mhudumu mmoja alimkemea mbele ya wagonjwa wote, kwamba yeye ni mjinga, kwamba amejitakia. Ami aligeukia ukuta akanyamaza. Mkewe na wanawe walikuwa nje chini ya mti tangu asubuhi, na hakuna aliyewaambia lolote. Kisha akatoka muuguzi mmoja, binti wa makamo, akachutama pale chini karibu na mke wa ami, akamsomea kadi ya dawa mstari kwa mstari. Akamuuliza nyumbani ni nani atakayemwangalia mzee akimeza. Aliposikia kwamba ami anataka kuruhusiwa siku ya pili yake na hapana aliyefundishwa kitu, alirudi ndani akazungumza na wakubwa wake mpaka wakakubali abaki siku chache zaidi. Ami sasa amepona, alhamdulillah, na anavua. Yule binti hajui kwamba naandika habari zake, na huenda hata jina la Annalena halijui. Lakini alichofanya siku ile ni kile kile alichokifanya Annalena kule Wajir zaidi ya miaka arobaini nyuma.

Annalena alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia, wakati wa vita. Alisoma sheria mpaka akapata digrii. Mtoto wa watu, mwenye digrii ya sheria, kwao alikuwa na maisha yaliyomsubiri: ofisi, mshahara na heshima. Yeye alipokuwa bado masomoni alianza kwenda mitaa ya watu duni ya mji wake, akakaa na mayatima, na watoto wenye udhaifu wa akili, na wasichana waliodhulumiwa. Alifanya hivyo kwa miaka sita. Pamoja na wenzake waliunda kamati ya kupambana na njaa duniani, na kamati hiyo ya Forlì ndiyo iliyokuja kumtumia msaada maisha yake yote.

Januari mwaka 1969 aliondoka kwao. Kenya alifika kama mwalimu, na baada ya muda mfupi akawa Wajir, akifundisha shule ya upili. Hapa inafaa kusema wazi jambo moja. Sisi Kenya muuguzi wa kike humwita sista, na mtawa wa Kikristo vilevile humwita sista. Annalena hakuwa yeyote kati ya hao. Hakuwa mtawa wa shirika lolote, na uuguzi hakuusomea chuoni kwao. Alijifunza kwa mkono, kando ya kitanda cha mgonjwa, kisha baadaye akaenda kutafuta diploma: za kifua kikuu hapa Kenya, za maradhi ya nchi za joto na afya ya jamii Uingereza, na za ukoma Uhispania. Sisi wenye diploma ambao watu hutudharau, tuseme maashallah: huyu alikuwa na digrii kwanza, na diploma akazifuata kwa sababu mgonjwa alizihitaji.

Wajir ya siku zile si rahisi kuieleza kwa mtu aliyezaliwa juzi. Ilikuwa imetoka tu kwenye vita vya Shifta. Mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki ulitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, na sheria hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mkaazi wa kule alikuwa akitazamwa na serikali yake kama mtu wa kushukiwa. Barabara hamna, maji ni ya visima, na wakaazi wengi ni Wasomali wafugaji wa kuhamahama, Waislamu, ambao maisha yao ni ngamia na mvua.

Katikati ya watu hao akaingia msichana wa kizungu, Mkristo, hana mume wala hataki mume. Kila kimoja katika hivyo kilikuwa ni kasoro machoni mwa wenyeji. Kwa mzungu walijua ukoloni. Kwa Mkristo walikuwa na shaka. Ama mwanamke kukaa bila kuolewa kwa hiari yake, hilo hawakulielewa kabisa, na hata huku kwetu lingeulizwa. Yeye hakujibizana nao. Alivaa nguo ndefu na kujifunika mtandio, akajifunza Kisomali, akala kidogo na kulala kidogo, akawaachia watu wamtazame mpaka wachoke.

Kilichomvuta ni wagonjwa wa kifua kikuu. Katika hospitali ya Wajir walikuwa wamelazwa watu ambao hakuna aliyewasogelea. Maradhi haya kwa Wasomali, kama kwetu sisi, yalikuwa ni aibu ya ukoo. Ukijulikana unayo, binti yako haposwi. Kwa hivyo mgonjwa alifichwa, au akaachwa. Annalena akimaliza kufundisha alikwenda kwao, akakaa nao usiku, akawaosha, akawanywesha maji, na wengine wakamfia mikononi. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wazee wetu, na yeye hakungoja kuulizwa wala kuuliza. Pamoja na wanawake wenzake wachache waliokuja kuungana naye walifungua pia kituo cha kuwatengeneza viungo watoto walemavu, wengi wao waliopooza kwa polio, pamoja na vipofu na viziwi.

Sasa twende kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililomtofautisha na watu wema wengine. Watu wema ni wengi. Wenye kufikiri kwa niaba ya mgonjwa ni wachache.

Dawa za kifua kikuu za siku zile zilitaka muda mrefu, mwaka na zaidi, na mgonjwa alitakiwa kulazwa. Mfugaji wa kuhamahama hawezi. Mvua ikinyesha kwengine, mifugo inaondoka na watu wanaondoka, na anayebaki nyuma amepoteza kila kitu. Basi alikaa hospitali wiki chache, akajisikia nafuu, akatoroka. Wataalamu wakaandika kwamba wafugaji hawatibiki na ni kazi bure kuwapa dawa. Kosa lote akabebeshwa mgonjwa, kama ami yangu alivyobebeshwa pale wodini.

Na kosa la kukatiza dawa si dogo, nalo tulielewe. Vijidudu vya kifua kikuu huzaana polepole, na vingine hujilalia mwilini kama vimekufa. Dawa za miezi ya mwanzo huua vile vilivyo macho, kikohozi kikakoma, na mtu akadhani amepona. Akiacha hapo, vilivyolala huamka, na miongoni mwao hutoka vilivyokwisha kuizoea dawa. Safari ya pili maradhi huwa magumu zaidi kuliko ya kwanza, na mtu huyo huambukiza watoto wake maradhi hayo magumu.

Annalena aliyajua hayo yote. Lakini hitimisho lake lilikuwa tofauti na la wataalamu. Aliona kwamba kama mfugaji hawezi kuingia katika hospitali ilivyo, basi hospitali ndiyo ibadilike. Mwaka 1976 Shirika la Afya Duniani lilikuwa na mradi wa majaribio wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama, naye akapewa kuusimamia. Akawaita wagonjwa waje kwenye uwanja wa mchanga mbele ya kituo chake. Waje na nyumba zao. Wakaja na ngamia waliobeba mikeka na miti ya kujengea, wakasimamisha vibanda vyao vile vile vya porini, mgonjwa na mkewe na wanawe na mama yake. Mahali pale pakaitwa Manyata ya kifua kikuu.

Dawa mpya zilikuwa zimepatikana ambazo zikichanganywa vizuri zilifupisha tiba ikawa miezi sita. Kila siku mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya macho ya mhudumu. Hakupewa furushi aende nalo akameze au asimeze. Hakukaa katika wodi ya ukuta mweupe akihesabu mabati. Alikaa nyumbani mwake, akala chakula cha mkewe, akasali na wenzake, na miezi sita ilipotimia akavunja kibanda chake, akapakia ngamia, akaenda zake amepona. Wale walioambiwa hawatibiki wakatibika. Na kila aliyerudi kwao mzima alikuwa tangazo linalotembea, kwa hivyo wale waliofichwa wakaanza kuletwa.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwa nchi zote mpango wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya msimamizi, tiba fupi, dawa bila kukatika. Ndio mpango ambao kadi ya ami yangu imeandikwa kwa kuufuata. Leo ukienda hospitali ya serikali Kenya hii dawa za kifua kikuu ni bure, na utaulizwa nyumbani ni nani atakayekuangalia ukimeza. Swali hilo lilikuwa na jawabu pale kwenye mchanga wa Wajir miaka mingi kabla halijaandikwa kwenye makaratasi.

Ingekuwa amekomea hapo, ingetosha kuwa sifa. Lakini ikaja Februari mwaka 1984.

Tarehe 10 mwezi huo, vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, vijana kwa wazee, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji. Walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi kwenye ardhi ya moto, siku baada ya siku, bila maji wala chakula. Waliokataa kuvua nguo na waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Wengine waliuawa kwa kipigo, wengine kwa kiu na jua. Maiti zikatupwa porini mbalimbali zisionekane. Serikali kwa miaka mingi ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji wao wanahesabu mamia kwa maelfu, na wajane na mayatima wao wapo hadi leo.

Fikiria uko Wajir wiki ile. Serikali ndiyo iliyoua, na polisi ambao ungewashitakia ndio hao hao. Wewe ni mgeni, kibali chako cha kuishi nchini kiko mikononi mwao. Kituo chako kina mamia ya wagonjwa wanaokutegemea. Mtu mwenye busara za kawaida angesema: ninyamaze ili kazi yangu iendelee. Na angepata watu wa kumuunga mkono.

Annalena hakunyamaza. Alitoka na gari kwenda porini kutafuta waliokuwa bado wana roho, akawaleta, akawafunga vidonda, akawapa maji. Akasaidia kuzika maiti. Akayakusanya majina ya waliokufa. Habari na picha zikapitishwa kwa siri mpaka zikafika kwa wanadiplomasia Nairobi na kutoka nje ya nchi, ulimwengu ukajua. Kwa wale wanaume alikuwa ni nani? Si jamaa yao, si mwenzao wa dini, wala wengi wao hawakuwa wagonjwa wa wodi yake. Lakini walikuwa waume na baba za wale wanawake wa vibanda vya mikeka. Ukimtibu mtoto, huwezi kumfumbia macho babake anapouawa. Nadhani ndivyo alivyoona.

Malipo yake yalikuwa vitisho, na mwaka 1985 akalazimika kuondoka Kenya. Miaka 16 ya maisha yake akaiacha nyuma, pamoja na Manyata na watoto wa kituo. Ilichukua muda mrefu mpaka nchi ikakubali kuitazama Wagalla machoni. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliitia katika ripoti yake ya mwaka 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akasimama bungeni kuomba radhi kwa dhulma zilizofanywa na serikali zilizopita. Wakati huo Annalena alikuwa amekwisha kufa miaka zaidi ya kumi.

Mtu aliyefukuzwa Kenya kwa kuwatetea Wasomali angeweza kurudi Forlì apumzike. Yeye akaenda Somalia. Alikuwa huko nchi ilipovunjika mwaka 1991, akakaa Mogadishu kisha Merka, katika njaa na mabomu, akitibu kifua kikuu na kulisha wenye njaa. Hospitali ya Merka alipoiachia mikononi mwa wengine, daktari aliyeshika nafasi yake, Graziella Fumagalli, naye Mtaliano, aliuawa humo Oktoba 1995. Annalena alijua, basi, kazi hii inaweza kumaliza vipi. Mwaka uliofuata akafika Borama, Somaliland, akaanza upya.

Borama alikuta majengo mabovu, akayageuza hospitali ya kifua kikuu yenye vitanda vipatavyo 200. Mpango ukawa ule ule wa Wajir: dawa mbele ya macho, na mgonjwa haachwi peke yake na aibu yake. Kwa kuwa mgonjwa anakaa miezi, aliona asikae bure. Kukawa na madarasa ya kusoma na kuandika, na ya Qur'ani vilevile. Hebu tulitafakari hilo: mwanamke Mkristo, katika hospitali anayoiendesha yeye, anahakikisha mgonjwa Mwislamu anapata kusoma kitabu chake. Hakumtaka mgonjwa awe mwengine ndipo amtibu. Akafungua na shule ya watoto viziwi na walemavu, watoto ambao kabla yake walifungiwa ndani. Madaktari wa macho wakaitwa, wazee waliopofuka kwa mtoto wa jicho wakaona tena. Akapiga vita pia ukeketaji wa wasichana.

Mshahara hakuwa nao. Hakuwa mwajiriwa wa shirika lolote. Fedha zilitoka kwa jamaa na marafiki wa Forlì, na yeye akaishi karibu kama wagonjwa wake walivyoishi.

Wala tusidhani kwamba kila mtu alimpenda. Ukimwi ulipoingia, alikubali kuwapima na kuwauguza wenye virusi, na baadhi ya watu wa mji wakasema yeye ndiye aliyeuleta. Wakaandamana nje ya hospitali yake na mawe yakarushwa. Hili nalo si geni kwetu. Ni mara ngapi tumesikia ikisemwa kwamba anayeyataja maradhi ndiye mwenye kuyaleta? Yeye aliendelea kuwauguza hata waliomrushia mawe, kwa sababu wao pia waliugua.

Juni mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimpa tuzo yake kubwa, tuzo ya Nansen. Alikwenda Geneva akaipokea, akarudi kwa wagonjwa wake. Miezi minne haikutimia. Jioni ya tarehe 5 Oktoba 2003, alipokuwa katika uwanja wa hospitali yake, alipigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 60. Mabaki yake yalirudishwa Wajir, kule alikofukuzwa, na ndiko yaliko.

Msomaji wangu, najua wako watakaouliza kwa nini safu hii imsifu asiyekuwa Mwislamu. Nawajibu kwa methali yetu wenyewe: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na tena uuguzi haukuanzia Ulaya. Waislamu tunaye Bibi Rufaida al-Aslamiyya, aliyesimamisha hema pale Madina zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, akauguza majeruhi wa vita. Tukimsifu Annalena hatumwachi Rufaida. Tunasema tu kwamba kazi ambayo bibi yetu aliianza, mgeni amekuja kuifanya mlangoni petu, na sisi tulikuwa tumelala.

La muhimu kwangu ni hili. Tunapozungumza juu ya hospitali zetu, tunazungumza majengo, dawa, mashine, na daktari yuko au hayuko. Yote ni kweli na lazima tudai. Lakini kuna jambo ambalo bajeti hailitaji: ni nani anayesema kwa niaba ya mgonjwa? Mgonjwa hana nguvu. Amelala, ameaibika, lugha ya wataalamu haielewi. Watu wake wako nje chini ya mti, wanaogopa hata kuuliza. Akikosekana wa kusimama katikati, dawa nzuri kabisa itatupwa baharini, kama ya ami yangu.

Kusimama huko hakutaki digrii. Kunataka mtu achutame. Kunataka muuguzi asiyeona kwamba mke wa mvuvi ni kero. Na kunatutaka sisi jamaa pia, kwa sababu ile Manyata ya Wajir haikuwa ya Annalena peke yake. Wake, mama na watoto walivunja nyumba zao wakazihamishia hospitali ili mtu wao asiugue peke yake. Sisi tuna maji, tuna barabara, tuna daraja la Sabaki, na hospitali ya Malindi si mbali kwa matatu. Na bado yako majumba hapa Mambrui ambamo mtu anakohoa nyuma ya pazia kwa kuwa binti wa nyumba hiyo ana posa.

Basi ukitoka kusoma haya, kama nyumbani mwako yuko anayekohoa wiki mbili na zaidi, mchukue kesho. Kama yuko anayemeza dawa, kaa naye akimeza, mpaka mwezi wa sita uishe. Na ukimkuta muuguzi anayewasemea wagonjwa mbele ya wakubwa wake, mshukuru hadharani ili wakubwa hao wakusikie. Yule binti wa hospitali ya ami yangu hakupata hata asante siku ile, kwa kuwa sote tulikuwa tumechanganyikiwa. Nimechelewa, lakini naisema sasa.